Chopa: Uende Jeshini au Ukasome Uraiani? Soma Kwanza Kabla Kihamba Hakijauzwa



Hapa kwetu chopa sio kitu cha kushangaza tena. Zamani ilikuwa mpaka msimu wa kampeni ufike. Mwaka 2005 Freeman Mbowe alipozunguka nchi na helikopta akigombea urais, watu walikuwa wanajaa viwanjani kuiona chopa kwanza, hotuba baadaye. Lakini tangu mwaka 2018, ilipoanza huduma ya uokoaji wa helikopta mlimani, mtu ukisikia ule mlio asubuhi unajua tu kuna aliyezidiwa huko juu anafuatwa.

Kwa hiyo siku hizi ukimuuliza kijana aliyemaliza fomu foo au fomu siksi anataka nini, hukosi mmoja wa kukwambia anataka kurusha chopa. Sio ndoto mbaya. Tatizo ni swali linalofuata: aende jeshini, au atafute shule ya uraiani? Hapo kila mtu kijiweni ana jibu lake. Mmoja atasema jeshini ni bure. Mwingine atasema uraiani ndiko kuna mshiko. Wote wawili wanasema nusu ya ukweli, na kuna familia zinaweza kupoteza shamba kwa sababu ya ile nusu nyingine.

Wengi tunabishana kuhusu gwanda na shati jeupe lenye mistari mabegani, wakati mambo ya kuangalia ni mawili tu: nani analipa hayo mafunzo, na akishalipa nani anaamua utafanya nini. Tuyachukue moja moja.

CHOPA SIO NDEGE NDOGO

Kwanza tuelewane kwa nini mafunzo haya ni ghali hata kuliko ya ndege za kawaida.

Ndege ya kawaida ina mabawa. Ikishika mwendo hewa inaibeba, na ukiiachia kidogo inaenda yenyewe. Helikopta haina huruma hiyo. Mkono wa kulia unashika fimbo ya kuelekeza, wa kushoto unashika mtaimbo wa kupandisha na kushusha, na miguu miwili iko kwenye pedali ili mkia usizunguke. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinadai urekebishe. Kusimama hewani sehemu moja bila kuyumba, kitu ambacho kwa macho kinaonekana rahisi, ndicho kinachomtoa jasho mwanafunzi wiki za mwanzo.

Halafu kuna zoezi la injini kuzima. Watu wanadhani chopa ikizima inadondoka kama jiwe. Rubani anatakiwa kushusha ule mtaimbo haraka, hewa inayopita kutoka chini iendelee kuzungusha panga la juu, kisha karibu na ardhi atumie nguvu iliyobaki kwenye panga kutua taratibu. Ana sekunde chache sana za kufanya hivyo, na anarudia zoezi hilo mpaka mikono ijue yenyewe.

Na mashine yenyewe inakula hela hata ikiwa nzima. Chukua Robinson R22 na R44, chopa ndogo ambazo shule nyingi duniani zinafundishia. Mtengenezaji anataka zifanyiwe ukarabati mkubwa zikifika saa 2,200 za kuruka au miaka 12, kinachotangulia. Gharama hiyo inagawanywa kwenye kila saa ya mwanafunzi. Ndio maana saa moja ya chopa ni pesa ndefu.

NJIA YA JESHI

Jeshini serikali ndiyo inalipa. Mafuta, mwalimu, chakula, sare, vyote juu yake. Kwa mtoto wa muuza mitumba wa Memorial hilo sio jambo dogo.

Lakini tusidanganyane, hakuna dirisha la kuombea "urubani wa chopa" pale JWTZ. Unaomba kuwa askari. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka uwe raia wa Tanzania, uwe umepitia JKT, uwe na vyeti vyako halisi, usiwe umetumikia polisi wala magereza, na umri uwe kati ya miaka 18 na 24 kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita. Wenye stashahada na shahada wanaongezewa kidogo.

Rubani wa jeshi ni afisa. Maana yake baada ya mafunzo ya awali uchaguliwe kuwa afisa mwanafunzi, na chuo kinachojulikana kwa hilo ni kile cha Monduli, hapo tu jirani Arusha. Pale unafundishwa kwanza kuongoza askari. Ukishatunukiwa kamisheni unaweza kupangwa vifaru, mizinga, miguu au mawasiliano. Wanaopelekwa Kamandi ya Jeshi la Anga ni wachache, na humo humo kuna wahandisi, kuna ulinzi wa anga, kuna ndege za usafirishaji na kuna helikopta. Kila hatua kuna usaili na vipimo, na kila hatua anayeamua ni jeshi. Unaweza kuwa afisa mzuri sana kwa miaka 20 na kiti cha chopa ukakaa kama abiria tu.

Halafu kuna deni. Jeshi lolote likikusomesha urubani linataka utumike. Marekani, kwa mfano, jeshi la nchi kavu lina njia ya kumchukua kijana aliyemaliza sekondari moja kwa moja kwenda kusomea chopa, lakini tangu Oktoba 2020 akishahitimu urubani anadaiwa miaka 10 ya utumishi. Wenzetu wale wanajua tangu siku ya kwanza wanaingia kurusha nini. Sisi hatuna njia ya mkato ya namna hiyo, kwa hiyo kijana wa Moshi anayeingia jeshini aingie kwa sababu anataka kuwa mwanajeshi. Chopa ikija, aichukue kama baraka. Ukiingia kwa ajili ya chopa peke yake, siku ukipangwa mizinga utaona umeonewa, kumbe hukuonewa na mtu.

Na jamani, nafasi za jeshi haziuzwi. JWTZ wenyewe wameonya mara nyingi kuhusu matapeli. Mtu akikwambia ana "mjomba makao makuu" na anataka milioni mbili, ujue unaingizwa mjini.

Kuna pia njia ya polisi ambayo watu wa hapa wanaisahau wakati CCP iko mlangoni kwetu. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha anga. Lakini hesabu ni ile ile ya JWTZ: unaanza kama askari polisi, na kikosi cha anga ni kidogo sana ukilinganisha na idadi ya wanaomaliza depo.

NJIA YA URAIANI

Huku unalipa mwenyewe, kwa hiyo unaamua mwenyewe. Hakuna wa kukupeleka mizinga.

Anayesimamia leseni Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Viwango vinafuata vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Kwa helikopta viko hivi:

1. Leseni ya rubani binafsi: umri kuanzia miaka 17, saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 kama ni ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Hii ni ya kuruka bila kulipwa.

2. Leseni ya rubani wa biashara: umri kuanzia miaka 18, saa zisizopungua 150, au 100 ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Hii ndiyo inayokuruhusu kulipwa.

3. Cheti cha afya daraja la kwanza kwa rubani wa biashara. Daraja la pili linatosha kwa rubani binafsi.

4. Kiingereza cha anga kwa kiwango cha 4 au zaidi, kati ya viwango 6.

Shahada ya chuo kikuu haidaiwi. Shule nyingi zinataka ufaulu mzuri wa kidato cha nne hasa hesabu, fizikia na Kiingereza. Kwa hiyo wewe uliyemaliza sekondari usijione umeachwa.

Sasa hesabu. Bei ya saa moja inatofautiana nchi na nchi, ila tufanye mfano wa dola 400 kwa saa, na dola moja iwe shilingi 2,500. Saa 40 za kwanza ni dola 16,000, sawa na shilingi milioni 40. Saa zote 150 ni dola 60,000, yaani shilingi milioni 150. Hapo hujaweka ada ya masomo ya darasani, mitihani, viza, pango wala ugali. Na hizo saa ni za chini kabisa, wanafunzi wengi wanazizidisha kabla mwalimu hajaridhika.

Muulize pia mwenye shule anafundishia nini hasa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia kwenye mafunzo ya urubani, ila ndege zake za mafunzo ni za mabawa. Wilson kule Nairobi nako kuna shule za urubani za miaka mingi, na nyingi ni za mabawa pia. Kuna wanaoanza na ndege ya kawaida kwa sababu ni nafuu, halafu wanaongeza chopa baadaye, na baadhi ya saa zinahesabiwa. Ni njia nzuri, mradi uulize TCAA mapema ni saa ngapi zitatambuliwa, na kama leseni ya nchi unayokwenda itabadilishwa kuwa ya Tanzania bila kuanza upya.

Hapa ndipo wengi wanachemsha: wanadhani ukipata leseni umepata kazi. Leseni ya saa 150 ni kama cheti cha udereva cha mtu aliyetoka shule jana. Hakuna atakayempa basi la Dar. Chopa za biashara kwetu ni chache: utalii, uokoaji mlimani, ulinzi wa wanyamapori, migodi, upimaji, na kila baada ya miaka mitano kampeni. Mwenye chopa na kampuni yake ya bima wanataka rubani mwenye saa nyingi, mara nyingi kuanzia 1,000, na aliyezoea injini ya tabo. Wenzetu Marekani wanapata saa hizo kwa kufundisha wanafunzi wapya. Huku kwetu ambako wanafunzi wa chopa ni wa kuhesabu, nafasi hiyo ni finyu. Kwa hiyo bajeti ya milioni 150 inakufikisha mlangoni tu, na ujiulize mapema utaishije wakati unatafuta saa nyingine 850.

GWANDA LIKIVULIWA

Kuna wanaosema: basi niende jeshini, nifundishwe bure, nikitoka nakuwa rubani wa watalii. Inawezekana, ila sio moja kwa moja.

Sababu ni ya kisheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema wazi kwenye kifungu cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia. Ndege za jeshi, polisi na forodha zinahesabiwa za dola na ziko nje yake. Ndio maana bawa la rubani wa jeshi kifuani sio leseni ya uraiani. Saa alizoruka zina thamani kubwa, lakini lazima akae mitihani na vipimo vya mamlaka ya kiraia.

Mfano mzuri ni Prince William wa Uingereza. Alirusha helikopta za uokoaji za jeshi la anga mpaka Septemba 2013. Alipotaka kurusha chopa ya wagonjwa ya kiraia kule East Anglia ilibidi arudi darasani kwanza kutafuta leseni ya kiraia, ndipo akaanza kazi Julai 2015. Kama mtoto wa mfalme hakuruka foleni, mimi na wewe tusitegemee kuiruka.

Ila ukweli mwingine ni kwamba jeshi linajenga rubani. Mei 14, 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua na helikopta aina ya AS350 B3 kwenye kilele cha Everest, zaidi ya mita 8,800. Alikuwa rubani wa majaribio wa kiwandani, lakini alipitia jeshi la anga la Ufaransa kabla ya hapo. Aina hiyo hiyo ya AS350 ndiyo inayotumika sana kwa kazi za milimani, na kwenye Kilimanjaro pia imetumika.

KUHUSU HATARI

Wazazi wanaogopa jeshi kwa sababu ya vita, wanaona uraiani ni salama. Tuangalie yaliyotokea.

Desemba 24, 2025 helikopta ya kiraia iliyokuwa kwenye uokoaji ilianguka hapa mlimani kwetu, kati ya kambi ya Barafu na Kibo. Watu watano walifariki: rubani, daktari, muongoza watalii na watalii wawili waliokuwa wamefuatwa. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower, ambaye zamani alikuwa mhasibu, alipigwa risasi na majangili akiwa anarusha helikopta kwenye pori la akiba la Maswa, akafariki. Alikuwa raia, hakuwa na gwanda. Oktoba 2015 mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, alifariki kwenye ajali ya helikopta pori la Selous wakati wa kampeni, pamoja na wenzake. Upande wa jeshi, Aprili 18, 2024 mkuu wa majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa jeshi la anga, alifariki na wenzake tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet.

Kwa hiyo hatari haichagui nguo, inafuata kazi na mahali. KIA iko karibu mita 900 juu ya bahari. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Hewa nyepesi maana yake panga linapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kuvuta, na mbele ya rubani kuna mawingu yanayofunga ndani ya dakika chache. Anayeruka huko anatakiwa kuwa na uzoefu, na zaidi ya hapo awe na uwezo wa kusema "leo hapana" hata kama kuna mgonjwa anasubiri na bosi anapiga simu. Jeshini amri inatoka juu. Uraiani presha inatoka kwa mteja na kwa pesa. Popote utakapokwenda utahitaji moyo huo wa kukataa.

SASA UANZE NA NINI?

Ushauri wangu ni wa mpangilio, maana makosa mengi ni ya kuanzia mwisho.

Kwanza, pima afya. TCAA ina madaktari iliowaidhinisha kwa vipimo vya marubani. Fanya kile cha daraja la kwanza kabla ya kitu kingine chochote: macho, rangi, masikio, moyo, sukari. Kuna vijana hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani na hawajui mpaka wawekewe kile kitabu cha vidoti vyenye namba. Kulijua hilo mapema ni gharama ya siku moja. Ukilijua baada ya familia kulipa ada ya kwanza, ni kilio. Na majibu hayo yanakusaidia hata kama unakwenda jeshini.

Pili, angalia umri wako. Mlango wa jeshi unafungwa mapema, ukifika 25 na cheti cha fomu foo au fomu siksi umeshachelewa. Wa uraiani hauna haraka hiyo, mtu anaanza hata na miaka 30. Kwa hiyo kama una miaka 19 na kweli uko tayari kuwa mwanajeshi, anza na JKT na JWTZ. Ila jiwekee ukomo. Kusubiri tangazo miaka mitano kijiweni sio mpango.

Tatu, kama ni uraiani, lipia somo moja la majaribio kwenye chopa kabla ya kozi. Wengine wanagundua wanaipenda picha ya urubani kuliko urubani wenyewe. Kisha lipa kwa saa, kidogo kidogo. Shule inayotaka fedha zote mbele iangalie mara mbili, kwa sababu ikifungwa hela yako inafungwa nayo.

Nne, kihamba. Wengi wetu Majengo tunaishi mjini lakini kwetu ni juu, Kibosho, Old Moshi, Marangu, Rombo. Kihamba sio mali ya baba peke yake, wamezikwa humo babu zake na wanakitegemea wadogo zako. Kukiuza ili ulipie saa 60 kati ya 150 ni kununua nusu ya daraja. Kama pesa haitoshi kufika kwenye leseni ya biashara na kuishi miaka miwili baada yake, usianze kwa kuuza ardhi. Anza na kazi nyingine ya anga inayolipa: ufundi wa ndege, uongozaji wa ndege, kazi za ardhini pale KIA. Ukishakuwa ndani unajifunza nani anaajiri, bei halisi ni ipi, na saa unanunua kwa mshahara wako.

Wazee wetu wakisema subiri, mara nyingi tunadhani wanaua ndoto. Safari hii nadhani wana haki ya kuuliza maswali hayo mawili: nani analipa, na akishalipa nani anaamua? Kijana akiyajibu mezani bila kubabaika, sioni kwa nini wasimbariki.

Wadau mliopita Monduli, au mliosoma chopa nje mkarudi, mwageni data hapa. Mlilipa kiasi gani kwa saa, na kazi ya kwanza mliipata baada ya muda gani? Wadogo zenu wanasoma.